Redio ndogo za upepo kwa wahudumu wa hafla: kinachoamua kama mtasikilizana

Waandaaji wengi wa hafla, wanapotaka kununua au kukodi redio za upepo (walkie-talkie), huuliza kwanza habari ya umbali: je, sauti itafika kutoka langoni hadi nyuma ya jukwaa? Ni swali la haki, lakini mara nyingi si umbali unaovuruga mawasiliano. Kinachoyavuruga ni wingi wa watu waliorundikwa kwenye chaneli moja, kila mmoja akiwa na jambo ambalo anaona haliwezi kusubiri. Redio mbili zilizo mita 50 tu kutoka moja hadi nyingine zinaweza kushindwa kupokezana taarifa usiku kucha ikiwa chaneli imejaa, ilhali redio za bei ya chini kabisa zinaweza kuwahudumia vizuri watu wanane waliotawanyika katika pembe zote za uwanja, mradi wanajua nani azungumze, lini, na kwa maneno mangapi.

Ili kuelewa kwa nini mambo yako hivyo, inafaa kuanza na jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Redio ya upepo ya mkononi kwa kawaida hutuma na kupokea kwa masafa (frikwensi) yaleyale, kwa zamu. Unapobonyeza kitufe cha kuzungumza, kitumaji huwaka na kipokezi huzimika. Unapokiachia, hali hugeuka. Kwa hiyo anayezungumza hasikii chochote hadi amalize, na hakuna anayeweza kumkatiza. Redio za analogi za aina hii hutumia FM, na FM ina tabia moja ambayo kila msimamizi wa hafla anapaswa kuijua: ishara mbili zikifika kwenye kipokezi kwa wakati mmoja, ile yenye nguvu hushikwa na ile dhaifu humezwa. Zikikaribiana nguvu, kinachosikika ni mkwaruzo usioeleweka. Maana yake ni kwamba wahudumu wawili wakibonyeza pamoja, mmoja wao anaweza kuzungumza mwanzo hadi mwisho bila kusikiwa na mtu yeyote, wala hana namna ya kulitambua hilo, kwa kuwa kipokezi chake kilikuwa kimezimika. Anaachia kitufe akiamini kwamba taarifa imefika. Naamini hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika mawasiliano ya hafla, na hakuna nguvu ya redio inayoiponya. Kinachoiponya ni kanuni kwamba ujumbe ambao haujarudiwa na aliyeupokea uhesabiwe haujatumwa.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuchukulie kwamba kuita, kujibiwa, kueleza jambo na kuthibitishiwa huchukua sekunde 15, na kwamba kila mhudumu ana jambo la kusema mara moja kwa kila dakika 10. Watu 10 wakiwa kwenye chaneli moja, watazalisha mazungumzo ya sekunde 15 kwa kila dakika. Robo tatu ya muda chaneli itakuwa wazi, na mwenye dharura ataingia bila shida. Watu 40 wakiwa kwenye chaneli hiyohiyo, watazalisha sekunde 60 kwa kila dakika, yaani chaneli imejaa pomoni hata kabla ya tukio lolote lisilo la kawaida. Na katika hafla halisi watu hawazungumzi kwa mpangilio sawa: wote huwa kimya mambo yanapokwenda vizuri, kisha wote hubonyeza kwa pamoja milango inapofunguliwa, msanii mkuu anapopanda jukwaani au mvua inapoanza kunyesha. Chaneli inayoonekana tulivu saa ya majaribio inaweza kuzibwa kabisa katika dakika ambayo inahitajika zaidi.

Baadhi ya watu husema kwamba simu za mkononi zimeshamaliza haja ya vyombo hivi. Simu ni nzuri kwa mazungumzo ya watu wawili na kwa kutuma picha, lakini ina udhaifu mbili katika kazi hii. Kwanza, kupiga simu kunahitaji kutafuta jina, kusubiri iite na kutumaini kwamba upande wa pili utaisikia katikati ya muziki, wakati redio humfikia kila aliye kwenye chaneli mara tu kitufe kinapobonyezwa. Pili, mnara wa simu una uwezo wa kuhudumia idadi fulani tu ya watumiaji kwa wakati mmoja, na maelfu ya watu wanaorusha video kutoka eneo moja ni mzigo ambao mtandao wa kawaida wa mahali hapo haukupangiwa. Redio mbili za upepo huzungumza moja kwa moja bila mnara wowote katikati, hivyo umati haupunguzi uwezo wake wa kupata mtandao, maana hakuna mtandao wa kupata. Zipo pia redio zinazofanana kwa umbo na hizi lakini hutumia laini ya simu ndani yake. Zinafaa sana kwa wahudumu waliotawanyika katika mji mzima, kwa mfano madereva wa mabasi ya wageni, ila zinarithi udhaifu uleule wa mnara uliozidiwa, na mnunuzi anapaswa kuuliza mapema ni aina ipi anayouziwa.

Kuhusu masafa, redio za kazi za mkononi zimegawanyika katika makundi mawili makubwa: VHF, ambazo kwa kawaida huwa kati ya megahezi 136 na 174, na UHF, ambazo nyingi huwa kati ya megahezi 400 na 470 au juu kidogo ya hapo. Tofauti yake hujitokeza kwanza kwenye antena. Wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2, na antena ya robo ya wimbi inahitaji nusu mita. Wimbi la megahezi 450 lina urefu wa sentimita 67 hivi, na robo yake ni kama sentimita 17. Ndiyo maana redio ndogo inayoingia mfukoni karibu kila mara ni ya UHF. Antena fupi kupita hapo hutengenezwa kwa kuviringisha waya ndani ya kifuniko cha mpira, na kila inapofupishwa hupoteza sehemu ya ufanisi. VHF husafiri vizuri mashambani, penye vilima na miti. UHF hupenya vizuri zaidi milangoni, madirishani na katika korido za majengo. Kwa ukumbi, hoteli, kiwanja cha maonyesho au uwanja wa michezo, UHF ndiyo chaguo la kawaida, na sioni sababu ya kuhangaika na jambo hilo zaidi ya hapo.

Umbali unaoandikwa kwenye boksi, ambao wakati mwingine hutajwa kuwa makumi ya kilomita, si uongo mtupu, ila ni wa mazingira ambayo hafla haiyajui: mtu mmoja juu ya mlima na mwenzake bondeni, bila kizuizi kati yao. Watu wawili waliosimama kwenye ardhi tambarare kabisa, redio zikiwa mita moja na nusu juu ya ardhi, hufikia upeo wa redio katika kilomita 10 hivi, na hilo ni kabla ya kuhesabu ukuta, jukwaa la chuma, magari na miili ya watu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hufyonza mawimbi haya. Umati wenyewe ni kizuizi. Kwa sababu hiyo redio ya nusu wati katikati ya majengo hufika mamia ya mita, pengine kilomita moja au zaidi kidogo, na ndani ya jengo la zege hufika ghorofa chache.

Wengi hudhani tiba ni wati nyingi. Katika anga huru, kuongeza umbali maradufu kunahitaji nguvu mara 4; karibu na ardhi, kati ya vizuizi, kunaweza kuhitaji nguvu mara 16. Kutoka nusu wati hadi wati 5 ni nyongeza ya mara 10, lakini umbali katika mazingira hayo hauongezeki hata mara mbili. Mhudumu anayehama hatua mbili kutoka nyuma ya nguzo ya chuma, au anayeinua redio kutoka kiunoni hadi usawa wa uso, mara nyingi hupata nafuu kubwa kuliko ile ambayo angeipata kwa kununua redio yenye nguvu zaidi. Pale ambapo eneo ni kubwa kweli, au lina maegesho ya chini ya ardhi, dawa ni repita: kituo kilichowekwa juu, chenye antena nzuri, kinachopokea kwa masafa moja na kurusha hapohapo kwa masafa mengine, ili redio mbili zisizoonana zikutane kupitia kwake.

Nguvu na masafa si mambo ya kujichagulia. Kila nchi ina mamlaka inayogawa masafa, na mgao huo hutofautiana. Katika nchi nyingi za Ulaya kuna huduma ya PMR446, yenye chaneli 16 za analogi kati ya megahezi 446.0 na 446.2, nguvu isiyozidi nusu wati na antena isiyoweza kung'olewa, ambayo mtu yeyote huitumia bila leseni binafsi. Nchini Marekani kuna huduma ya namna hiyo iitwayo FRS, yenye chaneli 22 katika megahezi 462 na 467, baadhi zikiruhusiwa hadi wati 2 na nyingine nusu wati tu. Australia ina chaneli 80 katika eneo la megahezi 477, na kati ya hizo chaneli ya 5 na ya 35 zimetengwa kwa dharura. Redio iliyo halali katika moja ya maeneo haya inaweza kuwa haramu katika jingine, na mwandaaji anayeagiza vifaa kutoka nje kwa kuangalia bei peke yake anaweza kujikuta akirusha sauti katika masafa ya zimamoto au polisi. Masafa ya bure yana ubaya wake pia: ni ya kila mtu. Kampuni ya ujenzi iliyo jirani, familia iliyokuja kutembea na wachuuzi wa nje ya uzio wana haki sawa na yako kwenye chaneli hiyo. Kwa hafla yenye watu wengi, leseni ya muda ya masafa yaliyotengwa ni gharama ninayoitetea bila kusita.

Hapa ndipo panapohitaji kuondolewa dhana iliyoenea mno. Redio nyingi ndogo hutangazwa kuwa na "misimbo ya faragha", na wauzaji huzidisha idadi ya chaneli kwa idadi ya misimbo hadi kupata mamia ya "chaneli". Misimbo hiyo haina faragha ndani yake. Katika mfumo wa kawaida wa analogi, redio hutuma pamoja na sauti yako mlio wa chini sana, kati ya hezi 67 na hezi 254 hivi, ambao spika haiutoi. Redio iliyowekwa msimbo huohuo hufungua spika inapoutambua, na isipoutambua hukaa kimya. Anayetaka kukusikiliza huzima tu kichujio hicho kwenye redio yake na kusikia kila kitu. Kibaya zaidi, makundi mawili yaliyo kwenye chaneli moja yenye misimbo tofauti hayasikiani lakini bado yanagombania hewa ileile. Walinzi wenye msimbo wa 3 wanadhani chaneli iko kimya, wanabonyeza, na kumbe wameikanyaga sauti ya watu wa huduma ya kwanza wenye msimbo wa 7. Msimbo umewazibia masikio bila kuwaongezea nafasi. Unafaa kwa kuzima kelele za wageni, na kwa hilo ni mzuri. Kwa kugawa makundi ya kazi, tumieni chaneli tofauti za kweli, na kama redio ina kipengele cha kuzuia kutuma wakati chaneli ina mtu, kiwashwe kwa wahudumu wa kawaida.

Kugawa makundi vizuri ni kazi ya kukaa na kufikiri kabla ya hafla. Mgawanyo unaofaa hufuata nani anahitaji kumsikia nani, si cheo wala idara kwenye karatasi. Watu wa milangoni na wa maegesho huhitaji kusikiana kwa sababu msongamano wa mmoja ni msongamano wa mwingine baada ya dakika tano; fundi wa taa hana haja ya kusikia habari za tiketi. Huduma ya kwanza na uokoaji wapewe chaneli ambayo hakuna mwingine anayeitumia kwa mazungumzo ya kawaida. Juu ya makundi hayo awepo mtu mmoja katika chumba cha udhibiti ambaye kazi yake ni kusikiliza tu: ana redio kwa kila chaneli, daftari na saa, na anaandika nani ameomba nini na wakati gani. Hafla ndogo hujaribu kumwondoa mtu huyu ili kuokoa malipo yake, na kazi yake humwangukia meneja ambaye tayari ana mambo kumi kichwani. Chaneli isiyo na msikilizaji maalumu ni kama zahanati isiyo na mtu wa mapokezi: kila mgonjwa anaingia alipoona mlango wazi.

Kisha kuna lugha yenyewe. Sikiliza mhudumu ambaye hakufundishwa: "Jamani, kuna mtu ananisikia? Huku mambo si mazuri, njooni haraka!" Ametumia sekunde tano na hakuna aliyejua ni nani, yuko wapi, kuna nini, wala waje wangapi. Watatu wanajibu kwa pamoja kumuuliza, wanakanyagana, na yeye anarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Mlinganishe na huyu:

"Udhibiti, Udhibiti, hapa Lango la Pili."

"Lango la Pili, hapa Udhibiti. Endelea."

"Watu wanasukumana kwenye uzio upande wa kushoto, nje. Naomba wahudumu wanne. Ova."

"Nimekupata. Wahudumu wanne, Lango la Pili, nje, kushoto. Wanatoka sasa."

Mazungumzo haya yote huchukua sekunde kama 15 zile tulizozihesabu. Jina la unayemwita hutangulia ili mwenye jina hilo ategeshe sikio kabla ya kujua nani anamwita. Huitwa kwa kituo cha kazi, si kwa jina lake, kwa sababu watu hubadilishana zamu na kituo hubaki. Jibu linarudia idadi na mahali, maana hayo ndiyo yanayopotea kwa urahisi. Wanaoanza husahau pia jambo moja dogo la kiufundi: baada ya kubonyeza, subiri karibu sekunde nzima kabla ya kusema. Redio inahitaji muda kidogo kuwasha kitumaji, na ya upande wa pili inahitaji muda kuutambua msimbo au kupita kwenye repita. Anayesema papo hapo hukatwa mwanzo wa maneno yake, na "usifungue geti" huwafikia wenzake kama "fungue geti". Kwa sababu hiyo hiyo ni busara kuepuka amri za kukanusha: "acha geti limefungwa" inabeba maana yake hata ikikatwa mwanzo.

Taarifa za watu zinahitaji uangalifu wa pekee. Mtoto akipotea, wahudumu lazima waelezwe umri wake na nguo alizovaa. Lakini mtoto akiokotwa, jina lake na mavazi yake yasitajwe hewani kabisa. Itajwe tu kwamba amepatikana na yuko kituo gani, ili anayekuja kumdai aulizwe maelezo ambayo hakuyasikia kwenye redio ya mtu. Vivyo hivyo hali ya mgonjwa ielezwe kwa kiasi kinachomsaidia mhudumu kuja na kifaa sahihi, bila jina.

Redio za dijitali huondoa baadhi ya matatizo haya na kuleta mengine. Mfumo wa DMR, ambao kiwango chake kilitolewa na ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, mwaka 2005, hugawa chaneli moja ya kilohezi 12.5 katika vipande viwili vya muda vya milisekunde 30 vinavyopokezana, hivyo kupitia repita moja mazungumzo mawili yanaweza kwenda kwa wakati mmoja. Sauti hubaki safi hadi karibu na mwisho wa eneo, kisha hukatika ghafla, tofauti na analogi ambayo huanza kukwaruza na kukuonya kwamba unatoka nje ya eneo. Zipo zenye usimbaji fiche wa kweli, kitufe cha dharura na uwezo wa kumwita mtu mmoja tu. Hata hivyo redio za mifumo tofauti ya dijitali hazielewani, hata zikiwa kwenye masafa yaleyale, na wanaokodi kutoka kwa watu wawili tofauti wahakikishe zinafanana kabla ya siku yenyewe.

Betri huhesabiwa kwa kipimo cha 5-5-90: asilimia 5 ya muda kutuma, 5 kupokea na 90 kukaa kimya. Kwa zamu ya saa 8, hiyo ni dakika 24 za kuzungumza na dakika 24 za kusikia. Kwenye chaneli ya hafla yenye pilikapilika, spika huwa wazi muda mrefu zaidi ya huo, kwa hiyo betri iliyoahidiwa saa 12 inaweza kuzima kabla ya msanii mkuu. Betri za akiba kwa wasimamizi na walinzi si anasa. Penye muziki mkubwa spika ya sikioni ni lazima, na huongeza uhai wa betri pia, kwa kuwa spika kubwa ya redio hula umeme. Kila mhudumu apewe ya kwake au ncha mpya ya mpira, kwa ajili ya usafi.

Redio hizi pia si majirani wazuri kwa vyombo vyote. Maikrofoni zisizo na waya mara nyingi huwa katika UHF, juu kidogo tu ya masafa ya redio za kazi, na redio ya wati kadhaa ikibonyezwa kando ya vipokezi vyake inaweza kuharibu sauti ya jukwaani. Ikibonyezwa karibu na meza ya kuchanganyia sauti, spika zinaweza kunguruma. Mratibu wa masafa na fundi sauti wakae pamoja mapema wapange nani awe wapi. Penye fataki zinazowashwa kwa umeme sheria ni kali zaidi: asiwepo mtu anayetuma redio karibu na viwashio, na umbali salama hutajwa na fundi wa fataki, si na mwenye redio.

Kabla ya milango kufunguliwa, mtu mmoja atembee eneo lote na redio akiita udhibiti kutoka kila kona, ikiwemo vyooni, ghalani, kwenye lifti na nyuma ya majukwaa, na zile sehemu asizosikika ziandikwe na kuelezwa kwa wote. Jaribio hilo lirudiwe watu wakishajaa, kwa sababu ukumbi wenye umati si ukumbi uleule wa asubuhi. Kila redio itolewe kwa sahihi na namba yake, na ikipotea itolewe taarifa papo hapo. Baadhi ya redio za dijitali huweza kuzimwa kwa mbali. Nyingi za analogi haziwezi, kwa hiyo kuwe na chaneli ya akiba ambayo haijaandikwa kwenye kibandiko chochote, na wasimamizi wote wahamie huko mara tu udhibiti utakapotamka neno mlilokubaliana.